Wanawake wa Bastola: Historia ya Kusimuliwa Gitega na Muyinga

Katika nchi ya Burundi, bunduki inakumbukwa pamoja na jeshi. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe wa Ujerumani alimshambulia Mwami Mwezi Gisabo, akisaidiwa na Maconco na Kilima, wapinzani wa mwami huyo, na tarehe 6 Juni Mwezi akalazimika kuukubali mkataba wa Kiganda. Wapiganaji wake walikuwa na mikuki na mishale. Mwaka 1912 Wajerumani walijenga boma lao Gitega, na mji ukakua kulizunguka. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia na bunduki zao, wakawafukuza Wajerumani. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyezaliwa Gitega mwaka 1932, aliuawa kwa risasi Usumbura tarehe 13 Oktoba 1961, kabla nchi haijapata uhuru alioupigania. Kisha ikaja Oktoba 1993, kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, na miaka ya vita iliyofuata. Watu wa Muyinga wanaikumbuka kwa njia yao: barabara ya Kobero imejaa wanawake wenye mizigo kichwani na watoto mgongoni, wakielekea Ngara upande wa Tanzania, ambako wengi waliishia katika kambi ya Lukole.

Katika milima hii, kwa hiyo, mtu akitaja bastola hakuna anayefikiria medali. Mwaka 2009 ilitungwa sheria ya silaha ndogo, raia wakatakiwa kusalimisha walizokuwa nazo, na hilo lilikuwa jambo jema lisilo na ubishi. Hata hivyo ipo historia nyingine ya bastola. Ndani yake mna wapishi, akina mama, wasichana wa miaka kumi na tisa, na wanawake wawili waliokumbatiana mbele ya dunia wakati majeshi ya nchi zao yakipigana. Naamini hakuna mahali ambapo historia hiyo ingeeleweka vizuri zaidi kuliko Gitega na Muyinga, na ndiyo maana naisimulia.

Kulenga shabaha kumo katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya kwanza, Athens 1896. Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyeifufua michezo hiyo, alikuwa mlengaji wa bastola mwenyewe, na hakuficha msimamo wake kwamba Olimpiki si mahali pa wanawake. Kwa zaidi ya miaka sabini mchezo huu ukawa wa wanaume peke yao. Mlango ulifunguliwa kidogo Mexico City mwaka 1968, wanawake watatu walipoingia kushindana pamoja na wanaume: Nuria Ortiz wa Mexico, Gladys Baldwin wa Peru na Eulalia Rolińska wa Poland. Hawakutengewa shindano lao. Waliruhusiwa tu kusimama kwenye mstari mmoja na wanaume.

Kuruhusiwa huko kulionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Montreal, 1976, katika shindano la bunduki la mikao mitatu, Margaret Murdock wa Marekani alimaliza akiwa na pointi 1162, sawasawa na Mmarekani mwenzake Lanny Bassham. Waamuzi wakahesabu nani alikuwa na mafungu mengi zaidi ya risasi yaliyotimia pointi mia, dhahabu ikaenda kwa Bassham. Wimbo wa taifa ulipoanza kupigwa, Bassham alimshika mkono Murdock akampandisha juu, wakasimama wote wawili kwenye ngazi ya mshindi. Wanamichezo wengi wamewahi kuonyesha uungwana, ila huu una uzito wake, maana mwanamume alikiri hadharani kwamba hakumshinda mwanamke yule.

Barcelona mwaka 1992 ikaenda mbali zaidi. Zhang Shan wa China, katika shindano la kulenga visahani kwa bunduki ya marisau, alipiga 200 kati ya 200 kabla ya fainali, kisha akachukua dhahabu mbele ya wanaume wote. Miaka minne baadaye, Atlanta, shindano hilo likawa la wanaume tu, na bingwa hakuwa na mahali pa kutetea taji lake. Wanawake walirudi kwenye aina hiyo ya ulengaji mwaka 2000, safari hii kwa shindano lao wenyewe. Wakazi wa Gitega hawahitaji kuelezwa sana hadithi ya namna hii. Kilomita chache kutoka mjini, kwenye kilima cha Gishora, zinatunzwa ngoma za kifalme, na mwaka 2017 amri ya rais ilitamka kwamba kupiga ngoma hizo katika sherehe ni kazi ya wanaume. Suala la nani ashike nini halijawahi kuwa dogo, si kwa ngoma wala kwa bastola.

Shindano la kwanza la bastola la wanawake lenyewe lilifanyika Los Angeles mwaka 1984: bastola ya mita 25. Umoja wa Kisovyeti na washirika wake walisusia michezo ile, hivyo baadhi ya walengaji hodari hawakufika. Waliofika walitosha kuliandikia shindano lile mwanzo wa kukumbukwa.

Linda Thom wa Canada alikuwa na umri wa miaka 40. Alikuwa mpishi, amesomea kazi hiyo Paris, katika shule ya Le Cordon Bleu. Mwaka 1975 aliiweka bastola kando ili alee watoto. Aliposikia kwamba Olimpiki itakuwa na shindano la wanawake, akairudia mwaka 1982, akiwa na miaka miwili tu ya kujiandaa. Kwenye uwanja wa Prado, nje ya Los Angeles, alipiga risasi 60 akapata pointi 585 kati ya 600. Ruby Fox wa Marekani naye akapata 585. Patricia Dench wa Australia akawa na 583 na shaba yake. Thom na Fox wakarudi kwenye mstari kushindana tena, risasi 20 kila mmoja, na hesabu ilipofungwa Thom alikuwa na 198, Fox 197. Pointi moja. Canada haikuwa imepata dhahabu katika Olimpiki ya kiangazi tangu 1968, na aliyeipatia ni mama wa watoto wawili aliyekuwa ameutoka mchezo kwa miaka saba.

Niseme kidogo kinachofanyika pale kwenye mstari, kwa sababu asiyekijua hudhani ni kufyatua tu. Siku hizi Olimpiki ina mashindano mawili ya bastola kwa wanawake mmoja mmoja. La kwanza ni hilo la mita 25, kwa bastola ya risasi ndogo za milimita 5.6. Nusu ya kwanza ni ya usahihi, risasi 30 kwa utulivu. Nusu ya pili shabaha hujitokeza kwa sekunde tatu, ikatoweka kwa sekunde saba, na mlengaji lazima aanze mkono ukiwa umeelekea chini, aunyanyue, alenge na kufyatua ndani ya sekunde hizo tatu.

La pili liliingia Seoul mwaka 1988, nalo ndilo linalonivutia zaidi: bastola ya upepo ya mita 10. Haina baruti. Hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi mdogo ndiyo inayosukuma kipande cha risasi cha milimita 4.5, chenye uzito wa nusu gramu hivi. Mlengaji husimama bila kuegemea kitu, mkono mmoja tu umenyooka, ule mwingine umetiwa mfukoni au umeshikilia mkanda ili usitikisike. Mpini wa mbao umechongwa kufuata kiganja chake mwenyewe, kiasi kwamba mtu mwingine hawezi kuishika bastola ile sawasawa. Viatu vyake ni bapa. Jicho moja limezibwa kwa kipande cha plastiki ili lingine lifanye kazi peke yake. Mbele yake, mita kumi kutoka alipo, kuna doa jeusi lenye upana wa milimita 59.5, na katikati yake duara la kumi lenye upana wa milimita 11.5, kama kifungo cha shati.

Mkono wa binadamu hautulii. Damu inausukuma kila moyo unapopiga, na kifua kinaupandisha kila mtu anapovuta pumzi. Mlengaji hujifunza kutoa pumzi nusu na kuizuia, na kukiachia kidole kikaze kifyatulio polepole hadi risasi itoke yenyewe. Anayekivuta kwa kusudi huiharibu shabaha. Akiona mkono umeanza kuchoka anaushusha bila kufyatua, anaanza upya. Hupiga risasi 60 ndani ya saa moja na robo. Hadi mwaka 2017 wanawake walipiga risasi 40 na wanaume 60. Tangu 2018 idadi ni moja. Nguvu za misuli zina nafasi ndogo hapa. Kinachopimwa ni kutulia.

Seoul iliwaleta wasichana wawili ambao historia yao naiona kuwa moyo wa simulizi hii. Nino Salukvadze, mzaliwa wa Tbilisi, alikuwa na miaka 19 na alifundishwa na baba yake, Vakhtang. Alichukua dhahabu ya mita 25 na fedha ya mita 10. Aliyemshinda kwenye mita 10 ni Jasna Šekarić wa Yugoslavia, aliyechukua pia shaba ya mita 25. Mmoja alivaa nembo ya Umoja wa Kisovyeti, mwingine ya Yugoslavia. Miaka michache tu baadaye nchi zote mbili zilikuwa zimevunjika.

Wanawake wale hawakuacha kulenga. Barcelona 1992 Salukvadze alishindana chini ya kikosi cha pamoja cha jamhuri zilizokuwa za Kisovyeti. Šekarić, ambaye nchi yake ilikuwa chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa, alishindana bila bendera ya nchi, kama mshiriki wa kujitegemea, na akapata fedha. Kuanzia 1996 Salukvadze akawa wa Georgia. Šekarić akapita kwenye Yugoslavia iliyobaki, kisha Serbia na Montenegro, kisha Serbia peke yake. Athens 2004, kwenye mita 10, alilingana pointi na Olena Kostevych wa Ukraine aliyekuwa na miaka 19, wakapiga risasi moja ya kuamua, na binti huyo akachukua dhahabu. Majina ya nchi yalibadilika mgongoni mwa mama huyu, yeye akabaki palepale kwenye mstari wake.

Burundi nayo iliingia Olimpiki wakati nyumbani pakiwaka moto. Kamati yake ya Olimpiki ilitambuliwa mwaka 1993, mwaka uleule wa msiba. Kikosi chake cha kwanza kilikwenda Atlanta 1996. Tarehe 25 Julai, michezo ikiendelea, Pierre Buyoya alitwaa madaraka Bujumbura kwa mapinduzi, na kabla mwezi haujaisha nchi jirani zikatangaza vikwazo vya uchumi. Tarehe 3 Agosti Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Makamba, akashinda mbio za mita 5000 mbele ya Mkenya Paul Bitok. Mbio zake hasa zilikuwa za mita 1500, ila nafasi yake ya mbio hizo aliiachia kwa hiari Dieudonné Kwizera, mkongwe aliyekuwa amehangaika miaka mingi ili Burundi ifike Olimpiki. Hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Burundi hadi leo. Šekarić na Salukvadze walikuwa Atlanta siku hizohizo. Sina shaka kwamba wangemwelewa Niyongabo pasipo mkalimani.

Sasa tufike Beijing. Mwaka 2008 ulikuwa wa matumaini kwa Burundi: tarehe 26 Mei serikali na FNL, kundi la mwisho la waasi, walitia saini kusitisha mapigano, na siku nne baadaye kiongozi wake, Agathon Rwasa, akarudi Bujumbura. Huko Caucasus mambo yalikwenda kinyume. Usiku wa tarehe 7 kuamkia 8 Agosti, siku ya ufunguzi wa michezo, vita kamili viliripuka Ossetia Kusini, na Urusi ikaingiza majeshi yake Georgia. Wanamichezo wa Georgia walifikiria kufunga mizigo warudi nyumbani, hadi ikaamuliwa wabaki.

Tarehe 10 Agosti ilikuwa zamu ya wanawake, bastola ya mita 10. Salukvadze alikuwa na miaka 39. Ndugu zake walikuwa katika nchi inayopigwa mabomu, na mchezo wake ni ule ambao pigo moja la moyo linaweza kuipeleka risasi pembeni. Guo Wenjun wa China alichukua dhahabu. Fedha ikaenda kwa Natalia Paderina wa Urusi, na shaba kwa Salukvadze. Walikuwa wanafahamiana kwa miaka mingi kutokana na mashindano. Pale jukwaani, mwanamke wa Urusi na mwanamke wa Georgia, waliokuwa wametoka kuweka chini bastola zao, wakakumbatiana, Salukvadze akambusu mwenzake shavuni, na kamera za dunia nzima zikaipeleka picha hiyo kila pembe. Akizungumza na waandishi wa habari, Salukvadze alisema kwamba dunia ingejifunza kwa walichofanya wao, vita visingekuwapo.

Wapo waliosema kukumbatiana kule hakukuzuia kifaru hata kimoja. Ni kweli, mapigano yaliendelea kwa siku kadhaa zaidi. Lakini aliyekulia Muyinga au Gitega katika miaka ya tisini anajua thamani ya jirani aliyethubutu kumshika mkono jirani mwenzake hadharani wakati watu wakubwa walikuwa wametangaza kwamba hawa na wale ni maadui. Jambo lile lilihitaji ujasiri kuliko kufyatua risasi. Kwangu mimi, shaba ya Salukvadze ina uzito kuliko dhahabu nyingi za Beijing.

Hakuishia hapo. Rio 2016 alishindana pamoja na mwanawe, Tsotne Machavariani, naye mlengaji wa bastola; mama na mwana hawakuwa wamewahi kushiriki Olimpiki moja kabla yao. Baada ya Tokyo alitaka kustaafu, akarudi kwa heshima ya baba yake aliyemwomba aendelee, na mwaka 2024, akiwa na miaka 55, akashiriki Olimpiki yake ya kumi mfululizo. Hakuna mwanamke mwingine aliyefikisha idadi hiyo. Michezo hiyohiyo ya 2024, kwenye uwanja wa Châteauroux, Oh Ye-jin wa Korea Kusini alishinda mita 10, Kim Ye-ji mwenzake akawa wa pili, na Manu Bhaker wa India wa tatu. Kim ndiye yule ambaye video yake, amesimama kwa miwani ya kulengea kana kwamba hakuna linalomhusu, ilizagaa kwenye simu za watu duniani kote, za Afrika Mashariki zikiwamo. Wachache walijua kwamba siku chache baadaye alitolewa kwenye mita 25 kwa sababu risasi yake moja ilichelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Bhaker, ambaye bastola yake iliharibika katikati ya shindano huko Tokyo, aliondoka Ufaransa na shaba mbili.

Na Afrika? Kaskazini wamejitahidi: Olfa Charni wa Tunisia na Afaf El-Hodhod wa Misri wote walilenga Rio. Katika Afrika Mashariki mchezo huu umekaa zaidi mikononi mwa majeshi na polisi. Michezo ya polisi wa nchi za EAPCCO, umoja ambao Burundi ni mwanachama wake, ina shindano la kulenga shabaha, na ilipofanyika Kigali mwezi Machi 2023 silaha zililengwa kwenye duara badala ya mtu. Hilo si jambo dogo kwa ukanda wetu.

Kwa upande wa wanawake, Burundi haina upungufu wa majina. Diane Nukuri alibeba bendera ya nchi Sydney 2000 akiwa na miaka 15 tu. Francine Niyonsaba, aliyezaliwa katika uliokuwa mkoa jirani wa Ruyigi, alileta fedha ya mita 800 kutoka Rio. Lydia Nsekera aliongoza shirikisho la soka la nchi yake, mwaka 2013 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kwenye kamati kuu ya FIFA, akaongoza pia kamati ya Olimpiki ya Burundi. Wanawake wa Burundi wamekimbia, wameogelea, wamepigana judo na ndondi kwenye Olimpiki.

Bastola ya upepo haihitaji uwanja mkubwa. Ukumbi wa shule wenye urefu wa mita kumi na kitu unatosha, shabaha za karatasi zinatosha kuanzia, na chombo chenyewe kinaweza kufungiwa kabatini polisi wakiwa na orodha yake. Kinachohitajika ni kibali, mwalimu na bastola chache. Gitega ina kumbi hizo, Muyinga inazo. Ombi langu kwa kamati ya Olimpiki na wizara ya michezo ni moja: wapeni wasichana wa miji hii miwili nafasi ya kujaribu, kwa sababu hadi michezo ya 2024 inamalizika, hakuna Mrundi yeyote, mwanamke wala mwanamume, aliyewahi kusimama kwenye mstari wa kulenga shabaha katika Olimpiki.